Kuchagua masomo ya A Level hapa Nairobi: anza na kozi, halafu rudi nyuma

Matokeo ya IGCSE, ule mtihani wa mwisho wa Year 11 kwa mfumo wa Uingereza, yakitoka tu mwezi wa nane, simu yangu haipumziki. Nafunza tuisheni ya kemia South C, na wanaonipigia, wawe wa Eastleigh, Pangani, Parklands ama huko Syokimau, wanauliza yaleyale: nichukue masomo gani, kwani matatu si machache, bodi ya mtihani iwe Cambridge ama Edexcel, na UoN watanichukua kweli bila KCSE? Nimechoka kurudia, kwa hivyo nimeandika yote mahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Hii ni ya mtu anayeingia Year 12, ile miaka miwili ya mwisho ya mfumo wa Uingereza ambayo wazee wetu waliiita Form Five na Form Six. Kama mko CBE na mtoto anaingia Grade 10, mambo ya pathway ni stori tofauti kabisa, hapa hautapata msaada.

Na hilo la masomo matatu nilimalize sasa hivi, juu ndilo linaniletea ugomvi na wazazi. Wengi wetu tulipitia 8-4-4, hatujawahi kuona A Level kwa macho, mtihani wa mwisho wa KACE, ile A Level ya Kenya ya zamani, ulikuwa 1989. Sasa mtu aliyefanya masomo 7 ama 8 ya KCSE akiambiwa mtoto atasoma 3 anadhani shule inamlia karo. Haimlii. Somo moja la A Level linaenda chini sana, matatu ni mzigo tosha, na vyuo vya Uingereza kwa kawaida hutoa ofa kwa masomo 3. La nne ni la mwenye nguvu, ama anayetaka Further Maths juu ya hesabu ya kawaida. A tatu ni bora kuliko B na C nne, na hiyo sibishani na mtu.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Matokeo yako ya IGCSE, ama ya mock kama bado. Usiangalie gredi peke yake, angalia ulifanya Core, ile nyepesi, ama Extended, ile kamili. Core ya Cambridge inakomea C, hata ungejua kila kitu. Kwa Edexcel hesabu ya Foundation, ile nyepesi yao, inakomea 5. Shule nyingi hazitakuruhusu kuingia A Level ya hesabu na hizo, na hata zikikuruhusu utateseka, juu aljebra yote utakayohitaji iko upande wa Extended.
- Orodha ya masomo ambayo shule inafundisha mwaka huu. Ile iliyo kwa broshua ni mapambo.
- Bajeti ya miaka 2, na uulize kama ada ya mtihani iko ndani ya karo ama ni kando. Mara nyingi ni kando, na inalipwa kwa kila somo.
- Cheti cha kuzaliwa na pasipoti. Ndio, mapema hivi, utaona sababu hatua ya 8.
- Daftari na bando ya kudownload PDF. Silabasi zote za Cambridge na Edexcel ziko kwa tovuti zao bure, usiuziwe na mtu.

Hatua zenyewe

1. Andika kozi tatu, sio kazi.

"Nataka kuwa injinia" haitusaidii, juu civil engineering itadai fizikia na software engineering sehemu nyingi itaridhika na hesabu. Andika jina la kozi kama chuo kinavyoiandika. Moja iwe ile unayoitamani kabisa, ya pili iwe jirani yake, ya tatu iwe ile ambayo mambo yakienda mrama bado utaamka asubuhi uende darasani bila kununa. Kando ya kila moja andika nchi, mbili zatosha, mfano Kenya na Uingereza, ama Kenya na Malaysia. Kama hujui kabisa unataka nini, usitunge, ruka uende hatua ya 4, nimeweka kombinesheni za watu kama wewe.

2. Soma masharti ya kuingia kwa tovuti ya chuo chenyewe.

Chuo chenyewe. Sio PDF ya ajenti wa Westlands, sio TikTok, sio binamu aliyeko Leicester. Tafuta jina la chuo, jina la kozi, na neno entry requirements, halafu soma polepole. Kuna somo linalotakiwa kwa lazima na kuna somo linalopendelewa, na hayo mawili watu wanayachanganya kila siku. La lazima ukilikosa hata uwe na A* tatu hawakuangalii. La kupendelewa ni nyongeza tu.

Kwa Uingereza picha iko hivi kwa jumla:

Udaktari: kemia karibu kila mahali, na pamoja nayo bayolojia, vyuo vingi vinataka zote mbili. La tatu kwa kawaida uko huru, hesabu ama fizikia inafungua milango zaidi. Kuna mtihani wa kuingilia udaktari uitwao UCAT pia, unafanywa majira ya Julai hadi Septemba kabla ya kuapply.

Famasia: kemia lazima, halafu sayansi nyingine ama hesabu.

Uinjinia: hesabu na fizikia. Chemical engineering inaongeza kemia.

Kompyuta: hesabu. Hapa watu hushangaa, A Level ya Computer Science yenyewe mara nyingi si lazima, lakini bila hesabu vyuo vikubwa vinakufungia.

Economics: vyuo vya juu kama LSE na Cambridge vinadai hesabu. Economics yenyewe si lazima hata.

Actuarial science: hesabu, tena A sio B.

Sheria: hakuna somo la lazima sehemu nyingi, ila somo la kuandika insha kama historia ama fasihi ya Kiingereza linakutayarisha vizuri.

Architecture: potifolio ya michoro, na hesabu ama Art ikiwepo ni nzuri.

Upande wa Kenya, ndio, A Level inakubalika. Sharti la kawaida la kuingia digrii ni angalau pasi 2 za principal, yaani za A Level kamili, kisha kila kozi inaongeza masharti yake ya masomo, na hayo ndiyo yanaangusha watu. Pigia ofisi ya admission ya chuo unachokitaka, iwe UoN, JKUAT, Strathmore ama USIU, uliza vitu vitatu: kozi hii inataka masomo gani ya A Level, mnataka gredi gani za IGCSE kwa Kiingereza na hesabu, na mnataka cheti cha kulinganisha matokeo kutoka kwa nani, KNEC (baraza la mitihani) ama KNQA (mamlaka ya kutambua vyeti). Waombe wakujibu kwa barua pepe. Maneno ya simu hayana stempu.

Jambo lingine ambalo mzazi lazima alijue mapema kabla ya kupiga hesabu ya pesa: mfumo wa KUCCPS, ule wa serikali wa kupangia wanafunzi vyuo, umejengwa juu ya KCSE. Mtoto wa A Level kwa kawaida anaapply chuo moja kwa moja na kujilipia. Usipange ukitegemea ufadhili wa serikali halafu uanze kulia kwa mlango wa registrar.

Na kama kozi yako ina bodi ya kazi juu yake, soma masharti ya bodi pia. Anayetaka kuwa wakili, sheria ya Kenya School of Law inataja B ya Kiingereza ama Kiswahili kwa KCSE ama kiwango kinacholingana nayo, kwa hivyo ile IGCSE English uliyoipuuza itakufuata hadi baada ya digrii. Anayetaka udaktari, KMPDC, lile baraza la madaktari, ina kiwango chake cha masomo ya sekondari na inakiangalia hata kama ulisomea nje. Kuna watu wamerudi na digrii mkononi ndio wakajua.

3. Amua cheti: A Level, IB ama BTEC.

A Level ndiyo ya wengi hapa Nairobi, ndiyo rahisi kupata shule, na ndiyo pekee ambayo unaeza kuifanya kama mtahiniwa wa kibinafsi bila shida kubwa, kupitia British Council.

IB Diploma ni masomo 6, matatu kwa kiwango cha juu na matatu cha kawaida, juu yake kuna insha ndefu ya maneno 4,000, somo la TOK (Theory of Knowledge) na shughuli za CAS (ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii). Alama kamili ni 45, na diploma huanzia 24. Ni nzuri kwa mtu anayependa kila kitu na hachoki kuandika. Shule zake ni chache, Aga Khan Academy na ISK zikiwa kati ya zinazojulikana, na karo yake mzazi aione akiwa ameketi. Onyo moja tu kwa IB: hesabu ziko mbili, AA (Analysis and Approaches) na AI (Applications and Interpretation). Ukitaka uinjinia ama economics ya chuo kikubwa chukua AA, tena kiwango cha juu. AI ya kiwango cha kawaida inapita vizuri darasani lakini inafunga hizo kozi.

BTEC Level 3 ni ya kazi za mwaka mzima, unapimwa zaidi kwa coursework kuliko kwa mtihani mmoja mkubwa. Watu huidharau bure. Kwa pointi za UCAS, ule mfumo wa kuomba vyuo vya Uingereza, Extended Diploma ya D*D*D* ni 168, sawasawa na A* tatu. Kwa biashara, michezo, IT, utalii, ni njia safi. Lakini kwa udaktari itakukwamisha karibu kila mahali, na kwa chuo cha Kenya uliza kwanza kwa maandishi kama wanaitambua, usikisie.

4. Chagua masomo matatu.

Chukua zile kozi tatu za hatua ya 1, andika masomo ya lazima ya kila moja, angalia ni yapi yanarudi. Hayo yanayorudi ndiyo mawili yako ya kwanza. La tatu ni lile unalolipenda ama unalolipita vizuri, na usione aibu kama ni Art ama French.

Mfano wa kweli kidogo. Binti mmoja alikuja na kombinesheni ya bayolojia, Business na Sociology, na kwa daftari ameandika famasia, nursing na biomedical science. Nikamwambia tuchore mistari. Famasia: kemia. Biomedical: bayolojia na sana sana kemia. Nursing: bayolojia inatosha sehemu nyingi. Kemia imetokea mara mbili na kwa kombinesheni yake haipo kabisa. Kwa nini? Juu mwalimu wa kemia wa Year 11 alikuwa mkali. Sociology ikatoka, kemia ikaingia, Business ikabaki, na bado kozi zote tatu ziko wazi. Dakika kumi na penseli, hakuna ujanja mwingine.

Kama hujui unataka nini, hizi haziwezi kukufungia sana:

Hesabu, kemia, bayolojia. Afya yote, sayansi, na hata uchumi na actuarial bado unaeza.

Hesabu, fizikia, kemia. Uinjinia wote na kompyuta.

Hesabu, economics, na somo la insha. Biashara, sheria, uchumi, siasa.

Utaona hesabu iko kote. Sikulazimishi, kama hesabu na wewe ni paka na panya achana nayo, ila jua unaacha nini. Na fizikia bila hesabu usijaribu, utakuwa unajifunza kalkulasi pembeni ya darasa la watu wengine na mwisho wa siku kozi inayotaka fizikia inataka hesabu pia.

Chunga pia masomo yanayofanana. Business na Economics na Accounting pamoja ni halali kwa shule, lakini vyuo vichache vya juu vinapenda kuona upana, na LSE kwa mfano huwa na orodha ya masomo ambayo haiyapendelei sana. Na General Paper ya Cambridge ni AS tu, yaani kiwango cha nusu ya kwanza ya A Level, usiihesabu kama la tatu.

5. Bodi: Cambridge ama Edexcel.

Vyuo havijali. Rudia: vyuo havijali. Tofauti iko kwa namna ya kufanya mtihani, na hapo ndipo unafaa kufikiria.

Edexcel International A Level inakuja kwa vipande, yuniti, na misimu ya mtihani ni Januari, Juni na Oktoba, ingawa si kila somo liko kila msimu. Hesabu, fizikia, kemia, bayolojia ni yuniti 6 kila moja. Ukiharibu yuniti moja unairudia hiyo peke yake. Kwa mtu anayeogopa siku moja ya mtihani hii ni raha.

Cambridge hapa kwetu ni Juni na Novemba. Unaeza kufanya AS kwanza halafu A2, ile nusu ya pili, ama kila kitu kwa pamoja mwishoni. Ukigawanya, alama za AS zinabebwa kwa miezi 13 tu, kwa hivyo AS ya Juni unamalizia Juni inayofuata, usiende kupumzika mwaka. Na huwezi kurudia karatasi moja tu ya AS, unarudia AS yote.

Halafu kuna maabara. Kemia, fizikia na bayolojia za Cambridge zina Paper 3, mtihani wa vitendo wa kweli, unasimama na burette mkononi. Edexcel wanapima hiyo kwa karatasi ya maandishi, Unit 3 na Unit 6. Kwa hivyo kama unasoma nyumbani kama mtahiniwa wa kibinafsi, sayansi za Edexcel ni rahisi kupanga, za Cambridge lazima upate kituo chenye maabara kitakachokubali kukuweka.

Mtego wa hesabu ya Cambridge, silabasi 9709, huu naomba usome mara mbili. Paper 2 ni ya AS pekee. Ukifanya Paper 1 na Paper 2 umepata AS na njia imeishia hapo, huwezi kuendeleza hizo alama kuwa A Level kamili. Ya A Level ni Paper 1 na Paper 3, pamoja na 4 na 5, ama 5 na 6. Kuna shule zinasajili watoto Paper 2 juu ni nyepesi kuliko Paper 3, halafu mwaka wa pili ndio mnaanza kuulizana.

6. Kagua shule kwa macho yako.

Usipige simu, enda. Ingia maabara, uliza burette ziko ngapi na darasa lina watu wangapi. Fungua mfereji wa sinki. Niliingia maabara moja huku mjini chupa zote zimepangwa kwa rafu vizuri, lebo zinaangalia mbele, na mifereji yote mikavu, vumbi ndani ya sinki. Hapo hamna titrasheni inayofanyika, na Paper 3 itawapata watoto wakishika pipeti kwa mara ya kwanza.

Uliza mwalimu wa A Level ni yuleyule wa IGCSE ama wanamwazima kutoka shule nyingine siku mbili kwa wiki. Omba kuona ratiba. Masomo hupangwa kwa bloku, na mawili yakiwa bloku moja huwezi kuyachukua yote hata shule inafundisha yote. Fizikia na bayolojia kugongana ni kawaida sana shule ndogo. Na uliza matokeo ya miaka iliyopita kwa somo lako hasa, sio "shule yetu ilipata A* kadhaa".

7. Jaribu kabla ya kufunga.

Wiki za kwanza za Year 12 shule nyingi zinakuruhusu kubadilisha. Tumia hizo wiki vibaya kidogo, kaa kwa darasa la somo la nne ambalo hukulichagua, usikize. Download past paper moja ya AS ya kila somo na uisome tu, bila kujibu. Kama maswali yanakuboa hata kuyasoma, miaka miwili itakuwa mirefu. Kumbuka pia kuruka kutoka IGCSE hadi AS ni kukubwa, hata wa A wanaanza na D kwa CAT ya kwanza, hiyo peke yake si sababu ya kuacha somo.

8. Sajili, na uangalie fomu mwenyewe.

Jina kwa fomu ya mtihani liwe sawa na la pasipoti ama cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtoto ni Mohamed shuleni, Mohammed kwa pasipoti na Muhamad kwa cheti cha kuzaliwa, na siku ya kuomba viza ndio mnaanza kutafuta wakili wa hati ya kiapo. Rekebisha kabla ya usajili, sio baada.

Angalia code za karatasi moja moja ukilinganisha na silabasi. Kwa Edexcel kuna kitu kinaitwa cash-in: yuniti ukizifanya zote lazima shule iombe zijumlishwe kuwa A Level, kwa hesabu code yake ni YMA01. Wakisahau unapata alama za yuniti bila gredi ya mwisho, na Agosti hiyo chuo kinataka gredi, hakitaki hadithi.

Kama ni Uingereza, weka kalenda: udaktari, dentistry, veterinary, Oxford na Cambridge, UCAS inafunga 15 Oktoba ya Year 13. Unachagua vyuo 5, kwa udaktari 4. Personal statement tangu wanaoingia 2026 ni maswali matatu, sio insha moja. Na unaapply na gredi ambazo walimu wanakutabiria, kwa hivyo mitihani ya ndani ya Year 12 si ya kuchezea.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kufuata marafiki, hiyo mnaijua, siongezi.

Kuchagua somo juu ya mwalimu. Mwalimu wa Nairobi anahama akipata shule inayolipa vizuri, wewe unabaki na Sociology.

Kuchukua masomo manne "just in case" na kuyabeba yote hadi mwisho. Kama umechukua manne, weka tarehe ya kuacha moja, baada ya AS ni sawa.

Mzazi kuamini ajenti anayesema "chuo chochote kitamchukua". Ajenti analipwa kamisheni na chuo. Muulize akuonyeshe sharti limeandikwa wapi.

Ikiwa mambo yameharibika

*Nimepata C kwa kemia ya IGCSE na nataka kozi ya afya.* Shule nyingi zinataka B kuingia. Unaeza kurudia IGCSE ya kemia peke yake Novemba huku ukianza AS, inawezekana lakini ni kazi. Ama angalia kozi za afya zinazotaka bayolojia tu. Wenye Combined Science ya gredi moja, mjue nusu ya msingi wa kemia hamna, tafuteni kitabu cha Extended likizo hii.

*Niko Year 12 muhula wa pili na nimegundua kozi inataka fizikia.* Kwa Edexcel bado kuna nafasi, anza yuniti za fizikia na uzipange Januari na Juni za mwaka ujao. Kwa Cambridge fanya zote pamoja mwishoni. La kuacha liache leo. Kama uko Year 13 tayari, kuongeza somo jipya ni kujiua, tafuta foundation year ya hiyo kozi, vyuo vingi vya Uingereza na Malaysia wanazo.

*Shule haina somo ninalolitaka.* Fanya hilo moja kama mtahiniwa wa kibinafsi na tuisheni, mengine mawili shuleni. Hesabu na Economics zinafaa kwa hii. Usajili unafungwa miezi kabla ya mtihani, kwa hivyo uliza mapema.

*AS imetoka mbaya.* Kwanza angalia ni karatasi gani iliyokuangusha, omba shule ikuonyeshe mgawanyo wa alama. Edexcel rudia yuniti hiyo. Cambridge hesabu vizuri, wakati mwingine ni afadhali kurudia zote na A2 kwa pamoja. Ila kama ni udaktari, soma sera ya chuo kuhusu kurudia, wengine hawakubali.

*Mzazi anataka udaktari, mimi sitaki.* Hii siwezi kuitatua kwa maandishi. Lakini hesabu, kemia na somo lako unalolipenda mara nyingi inampa mzazi usingizi na wewe inakuachia njia. Ila kama chuo anachokitaka kinadai bayolojia pia, usimdanganye, mwonyeshe ukurasa.

*Chuo cha hapa kimesema hakielewi matokeo yangu.* Usibishane na sekretari. Chukua vyeti halisi vya IGCSE na A Level, sio printi ya matokeo ya mtandaoni, omba kulinganishwa kwa ofisi ambayo chuo chenyewe kimekutajia, na ufanye hivyo wiki ileile vyeti vinapofika. Huwa vinafika shule miezi kadhaa baada ya matokeo, kwa hivyo muulize exams officer tarehe, na uache namba ya simu inayoshika.